Mfumo Endeshi wa Kompyuta ya Bodi Moja: Istilahi na Uteuzi

Kila chombo kipya kinapoingia nchini huja na majina yake, na aghalabu majina hayo hufika kabla ya maelezo ya matumizi. Ndivyo ilivyo kwa zile kompyuta ndogo ambazo sehemu zake zote muhimu zimeungwa juu ya kipande kimoja, chenye ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki. Iliyo mashuhuri zaidi ni Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwezi Februari 2012. Bei yake nafuu na umeme mdogo inaoutumia vimeifanya ifae shule zilizo mbali na miji. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuteua programu kuu ya kompyuta hiyo, na papo hapo tutazipima istilahi zinazohusika, kwani istilahi mbaya yaweza kuharibu kazi nzima.

Ili hoja yetu isielee hewani, na tuiweke mahali. Katika delta ya Mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti, kata kama Salale, Msala, Maparoni, Mbuchi na Kiongoroni zimetawanyika baina ya matawi ya mto na msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa na hekta 53,000. Safari ya huko ni ya chombo, na hungoja maji yajae. Tuseme shule moja ya huko imepewa kompyuta ya aina hii, umeme wa jua, na kijitabu cha maelezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Fundi wa karibu yuko Kibiti mjini. Mwalimu akipotoshwa na neno moja katika kijitabu, gharama yake ni nauli ya boti kwenda na kurudi, na pengine muhula mzima wa wanafunzi.

Jina la chombo

Mfasiri wa haraka atasema ‘kompyuta ya ubao mmoja’. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kamusi, lakini si sahihi kwa msomaji. Shuleni, ubao ni ule unaoandikwa kwa chaki. Katika delta, ubao ni ule unaoundiwa mashua. Hakuna hata mmoja kati ya hizo unaopitisha umeme. Kwa upande mwingine, mafundi wetu wa redio na simu wamekwisha kulichukua neno ‘bodi’ kwa maana hii hasa: husema bodi ya redio imeungua, au bodi ya simu imeingia maji. Ni kweli kwamba ofisini ‘bodi’ ni pia baraza la wakurugenzi, lakini muktadha hutenganisha maana hizo mbili bila taabu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza ‘kompyuta ya bodi moja’. Neno ambalo fundi analo tayari mdomoni lisitupwe kwa ajili ya lile ambalo mfasiri amelipata kamusini.

Jina la programu kuu

Kompyuta haifanyi kazi kwa umeme peke yake. Ipo programu inayotangulia nyingine zote: hugawa kumbukumbu, hupanga mafaili, husikiliza kibodi, na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi kwa zamu. Tumekutana na istilahi tatu kwa ajili yake: mfumo wa uendeshaji, programu endeshi, na mfumo endeshi.

Istilahi ya kwanza inaeleweka, lakini ina hatari kwa mtumishi wa serikali. Katika nyaraka zetu, uendeshaji ni usimamizi: twasema uendeshaji wa halmashauri, gharama za uendeshaji. Mkuu wa shule akisoma agizo la ‘kuchagua mfumo wa uendeshaji wa kompyuta’, hatakosea sana akiunda kamati na kuweka zamu za walimu. Istilahi ya pili inagongana na zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani, kwa mfano mashine ya kuchapa. Ya tatu, ‘mfumo endeshi’, ni fupi, imeundwa kwa njia ileile iliyotupa ‘elekezi’ na ‘shirikishi’, na inakaa vyema kando ya ‘programu tumizi’, yaani zile anazozitumia mtu kwa kazi zake. Istilahi zinazokwenda kwa jozi hukumbukwa kwa urahisi.

Uteuzi wenyewe

Kwa shule tuliyoitaja, mambo manne yafaa yazingatiwe.

(a) Aina ya kichakato. Bodi hizi hutumia kichakato cha jamii ya ARM, ambacho si kile cha kompyuta nyingi za ofisini. Mfumo endeshi ulioandaliwa kwa kompyuta hizo hautakubali kwenye bodi. Yapasa uchukuliwe ulioandaliwa kwa bodi yenyewe, kama vile Raspberry Pi OS, ulioitwa Raspbian hadi mwaka 2020, au Ubuntu, ambao jina lake latoka katika lugha za Kibantu za kusini na ni ndugu wa neno letu ‘utu’.

(b) Kumbukumbu. Bodi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 hulemewa na mfumo wenye madirisha na mapambo mengi. Upo mfumo mwepesi usio na madirisha, unaoamriwa kwa maandishi tu.

(c) Umeme. Bodi hizi huhifadhi kila kitu katika kadi ndogo kama ile ya simu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, mafaili yaweza kuharibika. Raspberry Pi OS inaweza kuwekwa katika hali ya kusoma tu, ili kadi isiandikwe wakati wa matumizi ya kawaida.

(d) Saa. Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5, la mwaka 2023, hazina saa yake yenyewe inayoendelea kwenda umeme ukizimwa. Huitafuta saa katika intaneti. Pasipo intaneti, tarehe hubaki nyuma, na daftari la mahudhurio huwa na siku za uongo. Dawa yake ni saa ndogo ya betri inayochomekwa kwenye bodi, na mifumo yote miwili tuliyoitaja huikubali.

Kwa hiyo, ikiwa bodi itatumika kama ghala la vitabu linalosomwa na simu au kompyuta nyingine kwa njia isiyo na waya, tunaona Raspberry Pi OS iliyo nyepesi ndiyo ifaayo. Juu yake huwekwa programu tumizi ya Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Ikiwa wanafunzi wataketi mbele ya bodi yenyewe kwa skrini na kibodi, basi ichukuliwe ile yenye madirisha, kwa bodi yenye kumbukumbu ya kutosha.

Neno la mwisho, na mtego wake

Mfumo endeshi huja kama faili moja kubwa ambalo wafasiri wengine hulisema ‘picha’, kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana hiyo pia. Mwalimu ataitafuta picha na hataiona. Hapa tunapendekeza ‘nakala ya mfumo’. Lakini jihadhari na kitenzi! Ukimwambia mtu ‘nakili nakala ya mfumo kwenye kadi’, atalinakili faili kama anavyonakili barua, na bodi haitawaka. Nakala hiyo huandikwa juu ya kadi nzima kwa programu maalumu, na kufuta yote yaliyokuwamo. Mafundi wa simu huita kazi inayofanana na hiyo ‘kuflashi’. Katika maandishi rasmi tuseme ‘kuandika nakala ya mfumo kwenye kadi’, tukiongeza onyo kwamba kunakili hakutoshi.

Kazi hii haikuanza leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na ukalazimika kuyatafutia majina mambo mengi ya kompyuta. Linalobaki ni kuyajaribu majina hayo mahali yanapotumiwa. Tunawaomba wafasiri na walimu, hasa walio mbali na miji, watuandikie ni istilahi ipi iliyowakwamisha, na ni neno gani walilolitumia badala yake. Istilahi hupimwa na yule aliye peke yake na chombo, wakati boti limekwisha kuondoka.