Dafu halikui, hukomaa

Wanafunzi wengi huandika ‘kukua’ na ‘kukomaa’ kana kwamba ni neno moja. Mkwezi wa Takaungu, kaunti ya Kilifi, hana anasa hiyo. Akiangua koroma akidhani ni nazi, jikoni litapatikana tui jepesi na lawama zitamrudia yeye.

Hebu tuanze na majina. Tunda changa kabisa la mnazi ni kidaka. Baadaye huwa kitale, kisha dafu, halafu koroma, na mwishowe nazi. Safari hiyo huchukua takriban miezi 12. Katika nusu ya kwanza, tunda huongezeka ukubwa na kujaa maji. Huko ndiko kukua. Kuanzia hapo ukubwa haubadiliki sana. Kinachobadilika ni ndani, ambako nyama hujijenga, ikawa nene na yenye mafuta. Huko ni kukomaa.

Je, mnazi hujuaje lipi lifanywe lini? Jibu limo ndani ya seli. Kila seli ina ribosomu, yaani vikarakana vidogo mno vinavyounganisha asidi amino ziwe protini. Ribosomu hazijiamulii kazi. Hupokea nakala za maagizo ya jeni, na jeni zinazoamka tunda likiwa kidaka si zote zinazoamka likiwa koroma. Mwanzoni huagizwa protini za kujengea seli mpya. Baadaye huagizwa vimeng’enya vya kutengeneza mafuta, pamoja na protini za akiba zitakazolisha mche.

Kasi ya kazi nayo ina msimamizi. Kuunda protini hula nishati nyingi, kwa hivyo mmea hauendeshi karakana zake ovyo. Protini iitwayo TOR, ambayo imo pia katika hamira na katika mwili wa binadamu, huchochea kazi hiyo sukari na mwanga vinapotosha. Njaa ikibisha hodi, kazi hupunguzwa. Ukame ukizidi, mnazi hupunguza hata mzigo wenyewe: vidaka hupukutika.

Sasa basi, mwanafunzi asiandike kwamba dafu ‘hukua’ likawa nazi. Kukua ni kuongezeka. Kukomaa ni kufikia ubora uliokusudiwa. Hata kwa watu tunatofautisha: si kila aliyekua amekomaa.