Kusoma kwa Mtandao Bila Kuishia Njiani

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaona lingefaa ukurasa wa elimu: masomo kwa njia ya mtandao, na hasa namna ya kuyamaliza. Tumelileta kwenye ukurasa wa afya kwa sababu wengi wanaoyaacha njiani hushindwa na usingizi, macho na upweke kabla hawajashindwa na mtihani. Na ada iliyokwisha kulipwa, pengine kwa mahindi yaliyouzwa Kibaigwa, hairudi.

Kusoma mbali na mwalimu si jambo geni nchini. Elimu kwa njia ya posta ilikuwapo tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2005 kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa kutumia kompyuta, chini ya shirika la Amref na Baraza la Wauguzi. Wauguzi hao walikuwa wapatao 22,000. Kuwaita wote darasani kungeacha wodi bila watu. Kisha Machi 2020, kwa sababu ya korona, shule na vyuo vyetu vikafungwa, na baadhi ya familia zikakutana na darasa la kwenye simu kwa mara ya kwanza.

Darasani kengele hulia, na mwalimu hukuita kwa jina. Kwenye simu hakuna anayekuuliza. Somo la Jumatatu linasogezwa hadi Jumatano, Jumatano kuna msiba, na mwisho wa mwezi masomo manne yamelundikana. Hapo mtu hujiita mvivu. Sisi hatukubali haraka hivyo.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Kongwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa macho walifanya kazi katika vijiji vyetu juu ya vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaopofusha watu katika nchi za ukame. Walipohimiza watoto wanawishwe uso, shida iliyotajwa ilikuwa maji: ni machache na huchotwa mbali. Lakini ilipoonyeshwa mbele ya watu, maji yanayohitajika kwa uso wa mtoto yalikuwa kidogo sana kuliko walivyodhani. Matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji sita yalitangazwa mwaka 1995. Watoto ambao nyuso zao ziliendelea kukutwa safi, si siku moja tu, ndio waliopata nafuu kubwa ya vikope vikali.

Muda wa kusoma nao ni hivyo hivyo. Mtu husubiri siku nzima yenye utulivu, na siku hiyo haiji, hasa Januari wakati wa palizi. Nusu saa ipo. Iwekwe saa ile ile na mahali pale pale: alfajiri kabla ya jembe, au jioni vyombo vikishaoshwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kurudia kulikogawanywa siku kadhaa hukaa kichwani kuliko kurudia kwa mkupuo. Na ukimaliza kusoma, weka simu kando, andika kwenye daftari unachokumbuka. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2006, wanafunzi waliojipima hivyo walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wenzao waliosoma tena na tena. Ajabu ni kwamba hao waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka!

Sasa macho. Aliyekaribia au kuvuka miaka 40, akijikuta anasogeza simu mbali ili herufi zionekane, na kichwa kinamuuma baada ya kurasa chache, huenda anahitaji miwani ya kusomea. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Simu haikumharibu, wala hana uvivu. Apimwe hospitalini, asiazime miwani ya jirani. Kwa kila msomaji, tunashauri kila baada ya dakika 20 ainue macho atazame mbali, mlangoni au kwenye mbuyu, na apepese kope, kwa maana anayekazia kioo husahau kupepesa na macho hukauka.

Kuhusu usingizi, tunajua bando la usiku ni nafuu. Basi pakua somo usiku, kisha lala, lisome asubuhi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na yale anayoyasoma saa nane za usiku huku anasinzia, mengi hayabaki.

Akina baba, hapa tunasema nanyi. Mama akisoma kwa mtandao huku ugali, kuni na mtoto vinamsubiri, ile nusu saa yake italiwa kila siku. Mtu mwingine ashike mwiko. Na jioni mmoja nyumbani amwulize, "Leo umesoma nini?" Swali hilo linashika nafasi ya kengele. Wanaosoma kozi moja wakutane mara moja kwa juma, hata wawili tu, chini ya mti.

Aliyebaki nyuma asianze na madeni yote. Aanze na somo la leo, kisha alipe la zamani moja kila Jumamosi. Akiona mtihani hauwezekani, awapigie chuoni kabla tarehe haijapita aulize kama unaweza kuahirishwa.

Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi umetoroka, chakula hakipiti, na hata mambo aliyoyapenda hayamgusi tena, hayo si masomo tu. Aende zahanati au kituo cha afya, na amweleze mganga wazi kwamba anasoma, analala saa ngapi na anaamka saa ngapi.