Pedali Inapozama

Pedali ya breki ikianza kuwa laini, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "upepo". Msaidizi anaambiwa akae kwenye usukani apampu, fundi anaingia chini na spana, na kazi imeanza kabla mtu hajauliza pedali inazama vipi. Kwa gari la zamani, tuseme Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye diski mbele na drami nyuma, swali hilo ndilo la kutangulia. Ulaini una sababu nyingi, na karibu kila sababu hujitambulisha chini ya unyayo.

Mguu husukuma pistoni ya masta silinda, pistoni husukuma mafuta ya breki, na mafuta hufikisha shinikizo kwenye magurudumu yote. Kanuni yenyewe iliwekwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Inafanya kazi kwa sababu kimiminika hakikubali kubanwa kirahisi. Kwenye shinikizo la baa 50, mafuta ya breki hayapungui ujazo hata kwa asilimia 1, wakati hewa husinyaa hadi karibu sehemu moja ya hamsini. Pistoni ya masta ya gari dogo husukuma mililita chache tu, kwa hiyo kiputo kidogo cha hewa kinatosha kumeza sehemu kubwa ya mkanyago.

Anza injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa gari. Ikishuka kidogo, usishtuke: ni busta imeanza kukusaidia, na hiyo ni dalili ya uzima. Wapo wanaobadilisha masta nzima kwa sababu ya mshuko huo.

Sasa pampu haraka. Pedali ikipanda lakini ikabaki inadunda kama sponji, upepo upo kweli. Ikipanda na kuwa imara kabisa, tatizo ni umbali: shuu za nyuma ziko mbali na drami, mara nyingi kwa kuwa kirekebishaji chake kimeshika kutu. Vuta breki ya mkono meno machache, ukanyage tena. Kama pedali imepanda, nenda nyuma ukazirekebishe shuu. Hapo kutoa upepo hata siku nzima hakutasaidia kitu.

Kisha kanyaga taratibu na ushikilie. Pedali inayoshuka polepole chini ya mguu uliotulia inasema mafuta yanapita mahali. Kagua ndani ya matairi ya nyuma, ambako wheel silinda zilizochoka hulowesha, halafu angalia tangi la mafuta. Kama kiwango hakipungui kabisa, mafuta yanarudi ndani kwa ndani kupitia raba za masta zilizolika. Kama kinapungua na huoni tone popote, legeza masta kutoka kwenye busta uchungulie nyuma yake: raba ya mwisho ikivuja, mafuta huingia kwenye busta na kukusanyika humo.

Kuna ulaini mwingine unaojificha gari likiwa limepoa. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kufikia takriban asilimia 3.7 ya uzito wake, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, dereva anayekalia breki badala ya kupunguza gia anaweza kuyachemsha. Mvuke nao hubanika kama hewa, na pedali inakwenda sakafuni. Kesho yake gari likiwa limepoa, gereji haioni kosa lolote. Dawa ni kubadilisha mafuta yote.

Jambo linaloniuma zaidi ni masta nzima kuuawa na matibabu. Kwa miaka mingi pistoni hutembea sehemu ileile ya silinda, na mbele yake, ambako raba hazijawahi kufika, kutu na uchafu hujijenga. Siku ya kutoa upepo, msaidizi anaisukuma pedali hadi sakafuni, raba zinaburuzwa juu ya ukali huo na kuchanika. Gari liliingia na kiputo, linatoka na masta mbovu. Kipande cha mbao chini ya pedali, kinachoizuia kufika mwisho, kinaepusha hasara hiyo.

Kama upepo haukomi baada ya kalipa kufunguliwa na kurudishwa, tazama nipo ya kutolea upepo iko wapi. Inapaswa kuwa juu, kwa sababu hewa hupanda. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, nipo huwa chini, na unaweza kumaliza chupa za mafuta huku kiputo kimetulia juu yake. Mwisho, mwambie mwenzako akanyage kwa nguvu wakati wewe umeshika mipira ya breki, mmoja baada ya mwingine. Ule unaovimba mkononi mwako ubadilishwe, pamoja na mwenzake wa upande wa pili.