Kisanduku cha Kukatia Pembe: Tukipime Kwanza



Mwenzetu mmoja wa kiwandani, ambaye siku za Jumapili hufanya useremala mdogo mdogo ili kuongezea mshahara, alipata kazi katika nyumba moja ya Rohero. Alitakiwa kuzungushia vyumba viwili ule ubao mwembamba unaofunika ufa kati ya ukuta na sakafu. Vyombo alipewa na msimamizi wa nyumba. Kazi ilipokwisha pembe zote zilikuwa wazi. Akaambiwa ameharibu mbao za watu, na malipo ya Jumapili mbili yakazuiwa.

Tulikwenda naye. Hatukugombana na mtu. Tuliomba tu kile kisanduku cha plastiki alichopewa kiletwe mezani. Tukakata vipande viwili mbele ya msimamizi, tukaviunganisha, tukaweka skwea. Havikukaa. Tukakata vingine viwili kwa msumeno uleule, lakini ndani ya kisanduku cha mbao tulichokuja nacho. Vikakaa sawasawa. Mwenzetu alilipwa siku zake zote mbili.

Tangu hapo wengi wametuuliza: kisanduku gani kinafaa?

Kisanduku hiki, ambacho dukani mtasikia kikiitwa kwa Kifaransa «boîte à onglets», kina sakafu moja na kuta mbili, wazi juu na kwenye ncha. Kuta zimechanjwa njia za kupitisha msumeno: moja iliyonyooka ya nyuzi 90, na mbili za kulala za nyuzi 45, moja ya kulia na moja ya kushoto. Vipande viwili vya nyuzi 45 vikikutana vinatoa kona ya mraba. Kazi yote ya kisanduku ni hizo njia. Zikishalika, mmebaki na chombo cha kuwekea misumari.

Msidharau kosa dogo. Fremu ya picha ina mikato 8. Kila mkato ukikosea nyuzi moja tu kwa upande uleule, kona ya mwisho itakosa nyuzi 8. Hata katika kona moja, ubao wenye upana wa sentimita 6 utaacha nafasi ya karibu milimita 3. Nafasi hiyo hata gundi na unga wa mbao haviifichi vizuri.

Cha plastiki ni chepesi na bei yake ni ndogo, lakini meno ya msumeno hukila upesi. Kwa fremu moja au mbili za nyumbani kinatosha. Cha chuma, chenye msumeno wake unaopita ndani ya fremu, hudumu na hukubali pembe nyingine pia, ila kwa mtu wa mshahara wetu ni mzigo, na hatuoni sababu ya kukinunua kwa kazi ya mlango mmoja. Sisi tunapendelea cha mbao ngumu. Mnaponunua, pitisheni msumeno wenu njiani: upite bila kubana na bila kucheza. Kuta ziwe ndefu kupita ubao mtakaoukata. Na msumeno wenyewe uwe ule mfupi wenye bamba la chuma mgongoni, meno 12 hadi 14 kwa inchi. Msumeno wa kupasulia mbao utachana tu.

Mwenye mbao tatu kavu zilizonyooka anaweza kujitengenezea. Tumieni gundi na skrubu, lakini skrubu zisikae penye njia ya msumeno. Kupata nyuzi 45 bila chombo cha kupimia pembe, pimeni upana wa kisanduku kwa nje, wekeni kipimo hichohicho kwa urefu juu ya kuta zote mbili, mpate mraba. Mstari wa kutoka kona hadi kona ya mraba huo ndio nyuzi 45.

Wakati wa kukata, wekeni kipande cha ubao usio na kazi chini, ili sakafu isiliwe. Bana ubao kwenye ukuta wa mbali kwa jiliwa. Ukishika kwa mkono, vidole viwe mbali na njia. Ubao wa pembeni mwa dari huwekwa kichwa chini: ule upande utakaogusa dari ndio ulale kwenye sakafu ya kisanduku. Hapo wengi hukosea, nasi tulikosea mara ya kwanza.

Nyumba nazo si za mraba siku zote. Kona ya ukuta ikiwa nyuzi 92, kila kipande kinataka 46, na kisanduku cha 45 hakitawapa. Kateni 45, kisha punguzeni kidogo kwa randa upande wa nyuma.

Kisanduku tulichokwenda nacho Rohero kiko ofisini pamoja na msumeno wake. Anayekihitaji aandike jina kwenye daftari Jumamosi, akirudishe Jumatatu.