Skana ya Redio za Polisi: Namna Inavyofanya Kazi na Sheria Inavyosema

Baadhi yenu mna jamaa walioko Marekani, na wanaporejea likizoni huja na vyombo vya kila namna. Kimojawapo ni skana, yaani redio inayopokea mawasiliano ya polisi na zimamoto pasipo kuweza kujibu. Wapo wanaotaka kujua chombo hiki hufanyaje kazi, na kama ni halali kukitumia hapa Uganda. Tunayajibu maswali yote mawili.

Hapo awali kila idara ilitengewa masafa yake; aliyeyaweka katika skana alisikia mazungumzo yote. Miji ilipokua, masafa hayakutosha, ndipo ukabuniwa mfumo wa trankingi. Fikirini malori yanayongoja forodhani. Kila kampuni ingepewa dirisha lake, dirisha moja lingelemewa huku jingine likikaa bure. Foleni ikiwa moja, aliye mbele huenda kwenye dirisha lolote lililo wazi. Trankingi hufuata utaratibu huo. Askari abonyezapo kitufe, redio yake hupeleka ombi katika chaneli ya uongozaji. Kompyuta humpatia chaneli iliyo wazi, na redio zote za kundi lake huhamia huko papo hapo. Jibu laweza kupita katika chaneli nyingine kabisa.

Kwa hiyo skana ya kawaida husikia vipande tu: swali la polisi, kisha sauti ya mafundi wa barabara. Skana ya trankingi huisoma chaneli ya uongozaji na kulifuata kundi moja kila linakohamia. Anayeanza sharti ajue mambo matatu: aina ya mfumo, ambao Marekani mara nyingi ni ule wa kidijitali uitwao P25, masafa ya chaneli ya uongozaji, na namba za makundi. Hata akiyajua, mazungumzo yaliyofumbwa kwa msimbo hatayasikia. Polisi wa New York walianza kuyafumba ya kwao mwaka 2023.

Sheria nazo hutofautiana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 huruhusu kusikiliza mawasiliano ya polisi yasiyofumbwa, ingawa baadhi ya majimbo hukataza skana ndani ya magari. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ni kosa kusikiliza ujumbe usiokuhusu. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu wengine, yakiwamo ya redio, isipokuwa kwa ridhaa yao au kwa idhini ya kisheria. Chombo kilichonunuliwa kwa halali ng'ambo hakiji na uhalali wake.

Makatazo hayo yana sababu. Redioni hutajwa majeruhi kabla jamaa zake hawajaarifiwa, nyumba ya mtoto aliyedhulumiwa, na njia ya doria ya usiku. Tena, taarifa ya kwanza haijathibitishwa: askari hutumwa kumtafuta mtu mwenye bunduki, wakafika na kumkuta mchungaji na fimbo yake. Aliyesikia nusu ya kwanza akaipeleka sokoni huweza kuwakimbiza watu wa pande mbili za mpaka kabla nusu ya pili haijasemwa.

Jamaa yako akitaka kuja na skana, mshauri aulize kwanza Tume ya Mawasiliano ya Uganda, wala asiifiche forodhani. Ukiona au ukisikia jambo la hatari, piga 999 au 112 bila malipo. Ukitaka kujua kinachoendelea kijijini kwako, mwone mwenyekiti wa LC1 au ofisa wa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu. Mwananchi anayo haki ya kutuuliza juu ya usalama wake, nasi tunao wajibu wa kumjibu kwa taarifa iliyohakikiwa.