Kabla ya Kuondoa Mguu, Cheki Ukuta

Wee acha tu! Gari langu ni mtumba wa Japani, lakini lina kruzi kontroli. Ukifika mwendo unaoutaka unabonyeza kitufe, unaondoa mguu, gari linajiendesha mafuta lenyewe. Nikajiona nimeula. Korogwe hadi Handeni ni lami tupu siku hizi, nani ahangaike kukanyaga?

Nikataka kuijaribu palepale nyumbani, Manundu. Kasheshe ni kwamba kwa kawaida kitu hiki hakikubali mpaka gari lifike kama kilomita 40 kwa saa. Mdogo wangu akaja na lake: tupige jeki, matairi yaelee, tukanyage hadi 60! Fundi jirani akatutolea macho.

"Jeki ikiteleza, gari linaingia sebuleni kwa mama yenu. Zima!"

Akatupa dawa yake. Subiri giza, geuzia ukuta mgongo wa gari, vuta handibreki, fungulia swichi bila kuwasha injini. Nikabonyeza kitufe, taa ya kruzi ikawaka kwenye dashibodi. Nikachekelea.

"Sasa kanyaga breki, mdogo wangu, uangalie ukuta."

Nikakanyaga. Ukuta mweusi tii!

Swichi ya pedeli ilikuwa imekufa. Kwenye magari mengi hiyo ndiyo inayowasha taa nyekundu za nyuma, na ndiyo inayoiambia kruzi iachie mwendo. Nikaishiwa nguvu. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nafunga breki mbele ya malori pale Segera, na wenyewe hawana habari!

Msomaji wangu, aliyebuni mtambo huu ni Mmarekani Ralph Teetor, kipofu aliyechoshwa na madereva wa kwenda kwa kushtukashtuka. Hati yake ya ubunifu ilitoka 1950, na Chrysler wakauweka kwenye magari yao ya 1958. Alitaka mwendo utulie, siyo dereva alale.

Tukafunga swichi mpya, ukuta ukawa mwekundu. Kesho yake barabara ikiwa nyeupe, nikashika 70, nikagusa breki kidogo tu. Ikaachia! Nilipokaribia Handeni mjini nikaizima kabisa. Bodaboda, mbuzi na watoto wa shule hawajui habari ya kitufe chako.

Wewe je, mshikaji? Usiku wa leo geuzia ukuta mgongo wa gari, ukanyage breki. Ukuta haudanganyi.