Bao Likiingia, Furaha Ni ya Nani?

Ndugu msomaji, wewe baba wa jamaa, wewe mama, na zaidi ninyi vijana ambao kila siku ya yenga mnakimbilia ku kiwanja cha mpira: leo nataka tuzungumze juu ya kufurahi.

Zamani kidogo, katika kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi, niliona jambo ambalo halijatoka ku roho yangu mpaka leo. Ekipe ya kambi ilishinda ekipe ya jirani, bao 1 kwa 0. Vijana wakashangilia, na hiyo haina mbaya. Lakini kisha wakatengeneza sanduku la maiti kwa mbao na makaratasi, wakaandika juu yake jina la ekipe iliyoshindwa, wakalibeba barabara kwa barabara wakiimba nyimbo za kilio. Wakapita mbele ya lupango moja fasi watu walikuwa wanakaa chini ku matanga. Baba wa nyumba ile aliangukiwa na jiwe ndani ya shimo, siku tatu mbele. Mama mjane akasikia nyimbo za kilio huko inje, akafikiri watu wamekuja kulia pamoja naye. Akatoka. Akaona sanduku, na vijana wanacheka.

Hakuna hata mmoja wao aliyetaka kumuumiza mama yule. Walikuwa na furaha tu, haina vile? Lakini tangu siku ile ninajiuliza: mtu akishinda, afurahi namna gani?

Kuna watu wa migodi kule mbali

Sisi wa Katanga tunajua kushangilia. Nani amesahau mlinzi wa goli Kidiaba, mwaka 2010 kule Abu Dhabi, wakati TP Mazembe walishinda Internacional ya Brazili 2 kwa 0? Alikaa chini, akaruka-ruka kwa makalio kiwanja kizima, na dunia yote ikacheka naye. Lakini leo twende mbali zaidi, mpaka Kanada, kwa wachezaji wa hoki ya barafu. Juu ya nini hao? Sababu mchezo huu umekomaa katika miji kama yetu.

Kule Ontario kuko mji mdogo unaoitwa Cobalt. Ndiyo, jina ni lile lile la madini yanayotoka hapa kwetu Kolwezi. Watu walipata feza nyingi chini ya udongo wake tangu mwaka 1903, na miaka michache kisha, mji ule ulikuwa na ekipe yake katika ligi kubwa ya wakati ule. Hata ekipe ya Montréal, Canadiens, ilianzishwa mwaka 1909 na Ambrose O'Brien, mtoto wa tajiri wa migodi. Kuko tena Sudbury, mji wa nikeli. Timmins, mji wa zahabu. Rouyn-Noranda, mji wa shaba. Na kule Trail, fasi wanayeyusha risasi na zinki, ekipe inaitwa Smoke Eaters, maana yake Wenye Kula Moshi. Mwaka 1961 hao wenye kula moshi walishinda Urusi ya Kisovieti 5 kwa 1, wakawa wa kwanza wa dunia yote. Wewe unayekaa karibu na bomba la izine, unaelewa jina hilo bila mtu kukufasiria.

Mchezo wenyewe

Kiwanja chao ni barafu tupu, barafu kama ile ya frigo, lakini urefu wake ni metre 61 hivi na upana 26. Wachezaji wanavaa viatu vyenye kisu cha chuma chini, wanateleza mbio sana. Kila ekipe inaweka watu 5 na mlinzi wa goli. Hawapigi mpira kwa mguu. Wanasukuma kwa fimbo kipande cha kaucho kigumu, cha mviringo, kinachoitwa paki. Unene wake ni sentimetre 2 na nusu tu. Mchezaji mwenye nguvu akikipiga, kinaweza kupita mbio ya kilometre 150 kwa saa.

Kwa hiyo mara nyingi watu waliokaa kutazama hawaoni paki ikiingia. Ndiyo sababu nyuma ya goli kuko taa nyekundu: ikiwaka, bao limeingia. Kisha honi kubwa inalia. Mwaka 1973, kule Chicago, mwenye ekipe alifunga ndani ya jumba la mchezo honi kama ile ya mashua yake, na leo karibu kila jumba liko na yake.

Mikono juu, kisha kwa wenzake

Sasa angalia vizuri mchezaji aliyefunga. Anainua mikono na fimbo juu. Hiyo ni ya kwake peke yake, lakini inadumu kidogo tu. Mara moja wenzake wanne wanamzunguka na kumkumbatia. Mara nyingi yeye mwenyewe ananyoosha kidole kwa yule aliyemtolea paki, kama kusema: huyu njo mwenye kazi. Kisha anateleza kandokando ya benchi, akigonga glavu na glavu ya kila mmoja aliyekaa pale, hata yule ambaye hajacheza hata dakika moja.

Na kitabu cha hesabu kinasema vilevile. Kila bao, wanaandika jina la mwenye kufunga, na majina ya waliomtolea, mpaka watu wawili. Mwenye kufunga anapata pointi 1. Wale wawili nao, kila mmoja pointi 1. Sawasawa kabisa! Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unajua neno hili: anayepandisha jiwe juu hakulipasua peke yake.

Mchezaji akifunga mabao 3 katika matshi moja, watu wanavua kofia zao na kuzitupa chini ku barafu. Miji mingi inagombania nani alianza desturi hiyo. Watu wa Toronto wanasimulia habari ya mwuza kofia mmoja aliyempa mchezaji Alex Kaleta kofia mupya mwaka 1946, sababu ya mabao yake.

Wengine wametupa vitu vya ajabu zaidi. Kule Detroit, mwaka 1952, ndugu wawili waliokuwa wanauza samaki walitupa pweza, mnyama wa bahari mwenye mikono 8, sababu wakati ule ilihitajika kushinda matshi 8 ili kupata kombe. Ekipe yao ikashinda matshi 8, moja nyuma ya ingine, bila kushindwa hata moja! Tangu pale pweza hawajaisha kule.

Lakini desturi ninayoipenda kupita zote ni ya madubu ya kitambaa. Ilianza katika mji wa Kamloops mwaka 1993. Siku moja ya mwaka, karibu na Noeli, kila mtu anakuja na mchezo wa mtoto wa kitambaa mkononi. Ekipe ya nyumbani ikifunga bao la kwanza, wote wanatupa. Barafu yote inajaa. Matshi inasimama mpaka vikusanywe, na vinapelekwa kwa watoto wagonjwa na watoto wa jamaa maskini. Mwaka 2025, mwezi wa kwanza, katika mji wa Hershey kule Marekani, walihesabu 102,343. Fikiri, msomaji: mtu mmoja amefunga bao, na mtoto ambaye hajui hata jina lake anapata kitu cha kukumbatia usiku.

Wakati furaha inapita mpaka

Lakini nisikudanganye. Kule nako kuko sanduku la maiti.

Tarehe 9 mwezi wa 6, 1993, ekipe ya Montréal ilipata kombe. Watu wakaingia barabarani kwa furaha. Kisha wengine wakaanza kuvunja madirisha ya magazini, wakabeba vitu, wakachoma magari ya polisi. Sisi tuliopita miaka ya 1991 na 1993 katika inchi hii, hatuna lazima ya kufasiriwa maana ya kupora. Sisi tulipora katika hasira na njaa. Wao walipora siku ya kushinda! Na mwaka 2011, kule Vancouver, waliposhindwa, wakafanya vilevile. Basi shida haikuwa kushinda wala kushindwa.

Ndani ya mchezo wenyewe kuko mabishano mengine: mtu mmoja ajionyeshe mpaka wapi? Mwaka 2009 Alex Ovechkin alifunga bao lake la 50 la mwaka. Akaweka fimbo chini, akaota mikono juu yake kama mtu anayeota moto, maana yake: fimbo hii ni ya moto sana. Waliofungwa walikasirika, na wazee wa mchezo wakamgombeza. Lakini tarehe 6 mwezi wa 4, 2025, Ovechkin huyohuyo alifunga bao la 895, akapita hesabu ya Wayne Gretzky, ambayo ilikuwa 894. Akajitupa chini, akateleza kwa tumbo kama mtoto. Matshi ikasimama. Wenzake wote wakamjia, na Gretzky mwenyewe alikuwa pale, akampa mkono. Hakuna aliyekasirika. Ya kwanza ilimcheka aliyefungwa. Ya pili haikumcheka mtu.

Kijana wa Timmins

Sasa nisimulie habari ya Bill Barilko, kijana wa Timmins, mji wa zahabu. Alikuwa mlinzi katika ekipe ya Toronto. Kazi yake ilikuwa kuzuia, si kufunga. Tarehe 21 mwezi wa 4, 1951, Toronto walikuwa wanachezea kombe na Montréal. Saa ya kawaida ikaisha wakiwa sawa, wakaongeza saa. Barilko akaacha fasi yake, akakimbilia paki, akaipiga huku anaanguka. Bao! Kombe! Kuko picha yake akiwa bado hewani. Wenzake wakambeba mabegani. Alikuwa na miaka 24.

Miezi minne kisha, mwezi wa 8, akaenda kuvua samaki kaskazini na rafiki yake, katika ndege ndogo. Hawakurudi. Watu wakatafuta, wakatafuta, bila kuona kitu. Toronto nao hawakupata kombe tena mpaka mwaka 1962. Na mwaka huohuo, majuma machache nyuma ya kushinda, rubani wa helikopta akaona mabaki ya ndege ndani ya pori. Barilko akarudishwa Timmins, akazikwa. Mama yake alikuwa amengoja miaka 11 kasoro.

Ninapofikiri juu ya mama yule, ninamwona mama wa kambi, amesimama ku mlango anaangalia sanduku la makaratasi. Katika mji wa migodi, shangwe na matanga zinakaa katika lupango zinazopakana. Mwezi wa 4 ni wewe unabebwa mabegani. Mwezi wa 8, ni nani anajua?

Kombe linapita mkono kwa mkono

Kombe lao linaitwa Stanley. Lilitolewa na Lord Stanley, gavana wa Kanada, mwaka 1892. Lina uzito wa kilo 15 na zaidi, na majina ya washindi yanachorwa juu yake. Siku ya kushinda, kapiteni anapewa la kwanza, analiinua, kisha anampa mwenzake, naye mwenzake, mpaka wote wamelishika. Mwaka 2001, kapiteni wa Colorado, Joe Sakic, alipewa kombe na hakuliinua. Akalitia mara moja ku mikono ya Ray Bourque, mzee wa miaka 40 aliyecheza misimu 22 bila kulipata. Watu wengi walilia siku ile.

Na tangu 1995, kila mchezaji mshindi anapewa siku moja ya kukaa na kombe kwao. Wengine wanalipeleka kwa watoto katika hospitali, wengine katika kijiji walichozaliwa. Mwaka 1996 mchezaji mmoja alibatizia mtoto wake mchanga ndani yake! Mimi mchungaji, neno hilo ninaliacha bila kulihukumu.

Lakini mbele ya kombe kuletwa, kuko jambo moja. Ekipe mbili zimepigana mpaka matshi 7, meno yamevunjika, damu imetoka. Mwisho wanapanga mistari miwili ku barafu, na kila mshindi anapita akimpa mkono kila aliyeshindwa, mmoja mmoja, akimwangalia machoni. Kisha njo wanainua kombe.

Na vijana wetu?

Wazazi, hatuna barafu hapa. Lakini tuko na viwanja vya vumbi, na kila juma kuko ekipe inayoshinda. Vijana, pigeni ngoma, rukeni, hata kwa makalio kama Kidiaba. Ila kwanza nendeni mkawape mkono wale wengine. Mtaje jina la aliyewatolea mpira. Na mkifika ku barabara fasi watu wanakaa chini ku matanga, nyamazeni mpaka mmepita.

Yule mama mjane angali anaishi. Watoto wake wamekuwa wakubwa, na mmoja anacheza mpira. Siku ile kijana yule alifunga bao, mama alikuwa amekaa kando ya kiwanja. Alisimama, akapiga vigelegele kupita wote.